Kundi, punje, metronomu au foleni: uchague mfumo gani kwa mradi wa mpangilio nje ya msawazo?

Ukishamwambia msimamizi wako kwamba mradi wa mwaka wa mwisho utahusu jinsi vitu vingi vinavyojipanga vikisukumwa kutoka nje, atakuuliza papo hapo: vitu gani? Hapo ndipo wanafunzi wengi wa fizikia hukwama, awe wa chuo kikuu cha Makerere, Kyambogo, Mbarara au Gulu hapa Uganda. Mada ni pana mno. Nzige wanaotembea pamoja wamo, mchele unaotikiswa kwenye sahani umo, magari ya Jinja Road mjini Kampala nayo yamo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwanafunzi huyo, na kwa ajili ya mwalimu wa sekondari anayetafuta kitu cha kuionyesha klabu yake ya sayansi.

Kwanza tuelewane kuhusu mada. Maji yaliyotulia ndani ya chupa iliyofungwa yako katika msawazo: yaache mwezi mzima, utayakuta vilevile. Mifumo ya hapa haiko hivyo. Nishati inaingia muda wote, inatumika, inapotea kama joto, na mpangilio unadumu kwa sababu tu nishati haijaacha kuingia. Zima spika inayoitikisa sahani ya mchele, punje zinalala. Ilya Prigogine alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977 kwa kazi yake juu ya mifumo ya namna hii, na tangu hapo fani imepanuka hadi kwenye makundi ya wanyama na msongamano wa barabarani.

Vigezo vya kupimia

Nitauuliza kila mfumo maswali yaleyale. Nishati inaingilia wapi, na je, wewe unaweza kuiongeza na kuipunguza? Mpangilio unapimwa kwa namba ipi? Vifaa vinapatikana, na umeme ukikatika itakuwaje? Matokeo yanaweza kukudanganya wapi? Mwisho, unamfaa nani?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo mapendekezo mengi ya mradi hayaligusi. Katika mifumo minne ifuatayo nishati inaingia kwa milango minne tofauti: ndani ya kila chembe, kupitia sakafu, kupitia kitu kinachowaunganisha wote, au kwenye kingo. Mlango ndio unaoamua utapata mpangilio wa aina gani. Ukiujua, umeshajua nusu ya kile utakachokipima.

1. Kundi linaloelekea pamoja, kwenye kompyuta

Mwaka 1995 Tamás Vicsek na wenzake walichapisha modeli ambayo mpaka leo wengi huanzia hapo. Kila chembe inatembea kwa mwendo usiobadilika. Katika kila hatua inawatazama jirani walio ndani ya duara dogo, inachukua wastani wa mielekeo yao, kisha inakosea kidogo kwa nasibu. Basi. Ukipunguza makosa hayo, au ukiongeza msongamano, kundi lililoparaganyika linageukia upande mmoja bila kiongozi.

Nishati inaingilia wapi. Ndani ya kila chembe. Kila moja ina injini yake. Unachokirekebisha ni ukubwa wa makosa na idadi ya chembe. Kwa kuwa mradi wako unasema “kutoka nje”, ongeza kitu cha tatu: upande mmoja unaopendelewa kidogo. Wanaotega nsenene Masaka wanaifahamu nguvu hiyo. Msimu ukifika, taa kali zinazowashwa juu ya mabati huwavuta wadudu kutoka gizani hadi wanateleza ndani ya mapipa. Katika programu, taa hiyo ni mstari mmoja: kwenye wastani wa jirani unajumlisha vekta ndogo inayoelekea upande uliouchagua. Hapo unapata swali linalostahili mradi mzima: taa iwe hafifu kiasi gani ambapo kundi bado linaifuata, ingawa chembe moja ikiwa peke yake isingeifuata? Karibu na mahali ambapo kundi linabadilika kutoka vurugu kwenda mpangilio, msukumo mdogo sana huleta badiliko kubwa sana.

Kipimo. Jumlisha vekta zote za mwendo, gawanya kwa idadi ya chembe na kwa mwendo wa chembe moja. Ukipata 1, wote wanaelekea kumoja. Ukikaribia sifuri, kila mmoja na njia yake.

Vifaa. Laptopu na Python, basi. Anza na chembe 300 kama walivyofanya Vicsek na wenzake kwenye mojawapo ya michoro yao. Ukilinganisha kila chembe na kila nyingine, 300 zinakupa ulinganishi 90,000 kwa hatua; 10,000 zinakupa milioni 100, na hapo laptopu ya kawaida itaanza kusota. Dawa ni kugawa uwanja katika vyumba vya mraba na kutafuta jirani kwenye chumba chako na vile vinavyokizunguka tu. Iamuru programu ihifadhi hali yake kila baada ya hatua elfu kadhaa, umeme ukikatika usirudie kazi ya usiku mzima.

Matokeo yanadanganya wapi. Kipimo hakifiki sifuri kamwe. Chembe 300 zisizojuana kabisa bado zitakupa karibu 0.06, kwa sababu mabaki ya nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi tu. Mtego mkubwa zaidi ni wa ukubwa wa uwanja. Kwenye uwanja mdogo badiliko linaonekana kuja polepole, lakini mwaka 2004 Guillaume Grégoire na Hugues Chaté walionyesha kwamba kwenye uwanja mkubwa linakuja kwa kuruka, na kundi linajigawa katika mikanda minene inayosafiri. Kwa hiyo usitangaze aina ya badiliko kutokana na chembe 300.

Unamfaa nani. Anayependa kuandika programu na anayeweza kukaa na grafu kwa subira. Unamfaa pia anayetaka kuunganisha na biolojia. Karamoja iliingiwa na nzige wa jangwani Februari 2020, na tayari mwaka 2006 Jerome Buhl na wenzake walikuwa wamepima tunutu wa nzige haohao kwenye uwanja wa duara: wakiwa wachache kila mmoja alikwenda kivyake, msongamano ulipoongezeka walitembea pamoja ila waligeuka ghafla mara kwa mara, na ulipopita wadudu 74 hivi kwa mita ya mraba waliacha kugeuka kabisa.

2. Punje kwenye sahani inayotikiswa

Kwangu huu ndio mfumo wenye utajiri mkubwa kuliko unavyoonekana, na nitaukalia zaidi.

Nishati inaingilia wapi. Chini, kupitia sakafu. Punje inapigwa na sahani, inagongana na wenzake, inapoteza nishati, inangoja pigo lingine. Unarekebisha mambo mawili, marudio ya mtikiso (mara ngapi kwa sekunde) na ukubwa wake, ambayo huunganishwa katika namba moja: mchapuko wa juu kabisa wa sahani ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Namba hiyo huandikwa Γ, nayo ni 4π²f²A/g, ambapo f ni marudio na A ni umbali wa sahani kutoka katikati hadi juu. Chini ya 1 punje hazinyanyuki. Juu ya 1 zinaanza kuruka. Tabaka jembamba likitikiswa wima hadi Γ ya karibu 2.5, huchora mistari au miraba inayojirudia baada ya kila mitikiso miwili, yaani kwa nusu ya marudio ya sahani. Michael Faraday aliiona tabia hiyo ya nusu kwenye vimiminika mwaka 1831.

Kipimo. Hapa inategemea umbo la punje. Mwaka 2006 watafiti wa Bangalore na Amherst walitikisa tabaka moja la vitu virefu. Vijiti vya shaba vyenye ncha bapa vilielekea pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Mchele wa basmati ulijipanga safu kwa safu, punje zikilala bega kwa bega. Umbo la ncha lilitosha kubadili mpangilio wote. Unaweza kurudia jambo hilo kwa mchele mrefu wa dukani. Piga picha kutoka juu, pima pembe ya kila punje, kisha chukua wastani wa vekta ukitumia pembe iliyozidishwa mara mbili. Ukiitumia ilivyo, punje mbili zinazolala sambamba lakini “vichwa” pande tofauti zitafutana na utapata sifuri mahali penye mpangilio kamili, wakati mchele hauna kichwa wala mkia. Kwa vijiti vya pembe mraba, zidisha mara nne.

Vifaa. Spika kuukuu ya besi kutoka kwa fundi redio, amplifaya ndogo, simu yenye programu ya kutoa toni, sahani bapa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha uwazi. Fremu ya chuma mafundi wa Katwe watakuchomelea. Kinachowatoa watu jasho ni kupima A. Njia ninayoiamini ni hii: weka kitone kwa kalamu ya ncha nyembamba ubavuni mwa sahani. Sahani ikienda kasi, jicho linakiona kitone kama mstari wima, na urefu wa mstari huo ni A mara mbili. Kwa hezi 50 na Γ ya 3, A ni milimita 0.3 tu, kwa hiyo unasoma mstari wa milimita 0.6 kwa lenzi. Shuka hadi hezi 20 na A inafika karibu milimita 1.9, hapo hata rula inasaidia. Wengi hukimbilia kihisi cha mchapuko cha simu. Tahadhari mbili: simu nyingi husoma mara 100 hivi kwa sekunde, na kwa mtikiso wa hezi 50 usomaji huo hautoshi, pia simu ina uzito wake, ukiiweka juu ya sahani umeshaubadilisha mtikiso unaoupima.

Matokeo yanadanganya wapi. Kwingi. Sahani isiposawazishwa kwa pimamaji, punje huhamia upande mmoja na utadhani ni tabia ya pamoja. Punje ndogo kama unga husukumwa na hewa, jambo ambalo Faraday pia aliliona. Kaa kwenye punje za milimita moja na kuendelea. Siku kavu, umeme tuli huzigandisha kwenye plastiki. Ukuta nao huzilazimisha punje ndefu kulala sambamba naye, kwa hiyo usihesabu zile zilizo ukingoni.

Unamfaa nani. Mwenye mikono na uvumilivu, na chumba ambacho kelele haitamkera mtu. Kwa klabu ya sekondari hakuna kinachoushinda kwa kuonyesha: changanya ulezi na maharage ndani ya chombo kirefu, tikisa wima, na maharage makubwa yatapanda juu.

3. Metronomu zinazosikilizana

Christiaan Huygens aliona mwaka 1665 kwamba saa zake mbili za pendulamu, zikining'inia kwenye boriti moja, huishia kuyumba kwa kufuatana. Mwaka 2002 James Pantaleone alieleza toleo rahisi: metronomu (vifaa vya kuhesabia mapigo ya muziki) juu ya ubao mwepesi, ubao juu ya makopo mawili matupu ya soda.

Nishati inaingilia wapi. Kila metronomu ina springi yake, lakini habari kati yao inapitia ubao. Unaweza kuzidisha muungano kwa kupunguza uzito wa ubao, au kuuyumbisha ubao wenyewe kwa mota yenye marudio unayoyachagua. Hiyo ya pili ndiyo nguvu ya nje iliyo safi kuliko zote katika orodha hii. Metronomu itaifuata mota kama tofauti ya marudio yao ni ndogo, na ukubwa wa tofauti inayovumilika huongezeka kadiri mota inavyoyumbisha kwa nguvu. Ukichora mpaka huo kwenye grafu, una matokeo.

Kipimo. Mpe kila mmoja pembe inayoonyesha amefika wapi katika mzunguko wake, halafu chukua wastani wa vekta, kama kwenye kundi. Yoshiki Kuramoto alitoa nadharia yake mwaka 1975: muungano ukiwa chini ya kiwango fulani, kila mmoja anaendelea na mapigo yake, ukipita, sehemu ya kundi inaanza kupiga pamoja. Kiwango hicho kinategemea jinsi marudio yao ya asili yanavyotofautiana.

Vifaa. Hapa ndipo shida. Metronomu za springi si rahisi kuzipata Uganda. Ulizia shule za muziki na kwaya kabla hujaahidi chochote. Mbadala ni saketi ndogo za taa za LED na vihisi mwanga zinazoigiza vimulimuli, ambazo vipuri vyake vinapatikana Kampala na hutumia betri.

Matokeo yanadanganya wapi. Idadi ndogo. Metronomu 4 zisizosikilizana kabisa hutoa kipimo cha karibu 0.5 kwa bahati tu. Rekodi kwa muda mrefu, na rudia ukianza na mpangilio tofauti.

Unamfaa nani. Anayependa elektroniki na anayetaka hesabu inayofungika vizuri kwenye karatasi.

4. Foleni

Nishati inaingilia wapi. Kwenye kingo. Modeli yenyewe ilibuniwa mwaka 1968 kwa ajili ya ribosomu, yaani mashine za seli zinazounda protini, zinazotembea juu ya RNA, lakini inaisema barabara vizuri: mstari wa visanduku, kila kimoja kina gari au ni kitupu. Gari linasogea mbele ikiwa tu kisanduku cha mbele kiko wazi. Kutoka nje gari linaingia kwa uwezekano α na linatoka kwa uwezekano β. Mtu wa Kampala hahitaji kufafanuliwa α na β, kwa sababu kwenye makutano mengi askari wa trafiki ndiye anayezipandisha na kuzishusha kwa mkono.

Kipimo. Msongamano wa ndani, yaani sehemu ya visanduku vilivyojaa, pamoja na mtiririko. Vipime vyote viwili, na sababu ni hii. Chukua α ya 0.2 na β ya 0.6: msongamano ni 0.2, mtiririko 0.16. Zibadilishane, α 0.6 na β 0.2: mtiririko ni uleule 0.16, lakini msongamano umeruka hadi 0.8. Mtu aliyesimama mwisho wa barabara akihesabu magari yanayotoka ataandika namba ileile siku zote mbili, wakati siku ya kwanza barabara iko tupu na ya pili abiria wamekaa ndani ya takisi wakitoka jasho. Zote mbili zikizidi 0.5, mtiririko unafika kilele cha 0.25 na kuongeza zaidi hakusaidii.

Vifaa. Programu fupi kuliko ya kundi, na kalamu na saa kwa upande wa barabarani. Hesabu kutoka ghorofani kwa ruhusa. Ukitaka video, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: nyuso na namba za magari ni habari za watu.

Matokeo yanadanganya wapi. Boda boda hupenya, na modeli inakataza kupita. Makutano ya Wandegeya au Kibuye hayatakutii. Chagua njia ya mstari mmoja: lango la chuo, kituo cha mafuta. Kwenye kompyuta, sogeza gari moja moja kwa nasibu. Ukiyasogeza yote kwa wakati mmoja namba nilizotoa zinabadilika. Tena, si kila msongamano huanzia ukingoni. Yuki Sugiyama na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio la magari 22 kwenye duara la mita 230, ambako hapakuwa na mwanzo wala mwisho, na msongamano ulijizalisha wenyewe kutokana na madereva kukosea mwendo kidogo kidogo.

Unamfaa nani. Anayetaka jibu la kihesabu la kulinganisha na programu yake, na anayependa mradi unaoweza kuelezwa nyumbani ukaeleweka.

Wengine huniuliza kuhusu mafuta yanayopashwa moto kwenye sufuria bapa, yale yanayojigawa katika vyumba vya pembe sita. Yanapendeza. Nimeyaacha kwa sababu kwenye tabaka jembamba lililo wazi juu, chanzo kikuu ni mvutano wa uso wa mafuta na si wepesi wa mafuta ya moto pekee, na kutenganisha hivyo viwili kunahitaji udhibiti wa joto ambao maabara nyingi za shahada ya kwanza hazina.

Kwa hali yako

Kama una laptopu tu na muhula mmoja, chagua kati ya foleni na kundi. Foleni kama unataka uhakika, kwa sababu kuna jibu kamili la kujipima nalo. Kundi kama uko tayari kuongeza ukubwa wa uwanja hatua kwa hatua na kukubali kwamba picha inaweza kubadilika mbele yako.

Kama unayo maabara, fundi, na miezi miwili ya kurekebisha vifaa kabla ya kuchukua data, nenda kwenye punje. Usianze na miezi miwili ya mwisho.

Kama msimamizi wako anasisitiza nguvu ya nje iliyo wazi na inayopimika, metronomu au saketi za taa zitakupa mota au taa moja unayoijua kabisa. Kundi lenye “taa” ndani ya programu linafuata kwa karibu, bila gharama.

Kama umeme wa kwenu hauaminiki, epuka punje isipokuwa spika yako inaweza kuendeshwa na betri ya gari. Saketi za taa na kuhesabu foleni havitakwama.

Kama ni mwalimu mwenye kipindi kimoja na wanafunzi hamsini, beba ulezi na maharage siku ya kwanza. Kipindi kinachofuata waweke wanafunzi wenyewe kwenye mstari wa viti kama foleni, mmoja akiruhusu kuingia na mwingine kutoka, na mtu wa tatu ubaoni akiandika msongamano na mtiririko kila baada ya nusu dakika.

Kama ungali umekwama kati ya miwili, andika kwenye karatasi moja sentensi ya namna hii kwa kila mmoja: “Nitabadilisha hiki, kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki, na nitapima hiki.” Mpelekee msimamizi ile uliyoweza kuijaza yote.